Joto la Arizona Si la Kuvumilia

Mvumilivu hula mbivu, tuliambiwa tangu utotoni, na wengi wetu tumeishi kwa neno hilo. Mtu aliyevuka Ziwa Tanganyika usiku akiwa na mtoto mgongoni, akakaa kambini Nyarugusu au Kakuma mwaka baada ya mwaka akisubiri jina lake litoke, hana haja ya kufundishwa kuvumilia. Lakini ninyi mliofika Phoenix au Tucson kati ya Novemba na Machi, mkakuta hewa nzuri na anga safi, na sasa mnaingia Juni yenu ya kwanza, nina ombi moja kwenu: uvumilivu huo uwekeni kando hadi Septemba iishe. Joto la huku halimwogopi mtu mgumu. Humwangusha mapema kuliko wengine, kwa sababu yeye ndiye wa mwisho kusema amezidiwa.

Mwaka 2023, kuanzia tarehe 30 Juni hadi 30 Julai, Phoenix ilipitia siku 31 mfululizo ambazo kila moja joto lilifika au kupita nyuzi 110 kwa kipimo cha Fahrenheit kinachotumika Marekani, yaani nyuzi 43 za Selsiasi. Kaunti ya Maricopa, ambamo Phoenix imo, ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto mwaka huo. Mwaka uliofuata vilikuwa 608. Hivyo ni vifo vya kaunti yenye hospitali kubwa na viyoyozi karibu kila nyumba.

Waliokaa Kakuma watasema joto wanalijua, na ni kweli. Ila Kakuma jua likizama mtu hutoa mkeka nje, upepo ukapita, mwili ukapumua. Phoenix ni mji wa lami na zege. Vitu hivyo hunywa joto mchana kutwa, kisha huanza kulitema usiku, wakati watu wamelala. Tarehe 19 Julai 2023, joto la chini kabisa la siku nzima, lile la alfajiri, lilikuwa nyuzi 97, sawa na 36 za Selsiasi. Mwili uliohangaika mchana ukikosa nafuu usiku, siku ya pili unaanza na deni, ya tatu deni limeongezeka. Ndiyo maana mtu anaweza kuonekana mzima Jumatatu na kuanguka Alhamisi bila kufanya kazi yoyote ya ajabu.

Jambo jingine linalowapotosha wageni ni saa. Kwetu tunaogopa jua la saa sita, tunakaa kivulini, saa tisa tunarudi shambani au sokoni. Huku kilele cha joto ni saa kumi au saa kumi na moja jioni. Ukitoka saa tisa kwenda dukani kwa miguu ukidhani makali yamepita, unatembea kuelekea kwenye makali yenyewe. Kazi za nje, matembezi na mpira wa watoto, vyote vifanyike kabla ya saa tatu asubuhi.

Sasa tuingie nyumbani, maana huko ndiko watu wetu wanakojidanganya zaidi. Sehemu isiyo ndogo ya wanaokufa kwa joto Maricopa hufia ndani ya nyumba, na katika nyumba nyingi za namna hiyo kiyoyozi kilikuwapo ila kimeharibika au kimezimwa. Najua kwa nini kinazimwa. Bili ya umeme ya Julai inaweza kumtia mtu kizunguzungu, na mama anayetuma pesa Uvira au Bujumbura kila mwezi huona kiyoyozi kama anasa. Si anasa. Kihesabuni pamoja na unga na kodi ya nyumba. Kile kidude cha ukutani cha kupangia joto kiwekeni kwenye 78 au 80, ambayo ni kama 26 au 27 za Selsiasi, mkiache hapo. Kukizima mchana kutwa na kukiwasha jioni nyumba ikiwa imeshakuwa tanuri hukilazimisha kufanya kazi ngumu katika saa ambazo umeme ni ghali zaidi. Kampuni nyingi zina mipango ambayo umeme wa alasiri hadi jioni hutozwa bei ya juu. Piga simu, omba mkalimani wa Kiswahili, uliza wewe uko kwenye mpango gani na saa za bei ya juu ni zipi. Kabla ya saa hizo poozeni nyumba vizuri, funikeni madirisha yanayotazama magharibi kwa mapazia mazito, hata kwa blanketi, kisha acheni kufua na kuoka hadi usiku.

Hapo niseme neno kwa akina mama, na kwa akina baba wanaopika. Maharage ya kuchemshwa kwa saa tatu jikoni, sombe inayotokota tangu adhuhuri, hivyo vyote huongeza joto ambalo kiyoyozi kinahangaika kulitoa. Pikeni alfajiri au usiku, na chungu kiwe kikubwa cha kutosha siku mbili. Sufuria ya umeme ya presha ni ununuzi wenye maana, kwani maharage huiva kwa muda mfupi na mvuke haujazi nyumba.

Kiyoyozi kikiharibika, usikae kimya kwa sababu unamwonea haya mwenye nyumba au unaogopa atakufukuza. Sheria ya jiji la Phoenix inamtaka anayepangisha nyumba yenye kiyoyozi ahakikishe kinaweza kushusha joto la ndani hadi nyuzi 82 au chini ya hapo. Kwa mashine zile za juu ya paa zinazopuliza hewa kupitia pedi zilizoloweshwa maji, kiwango ni nyuzi 86. Mwandikie ujumbe siku hiyohiyo, si maneno ya mdomo tu. Weka tarehe, piga picha ya kidude cha ukutani kinachoonyesha joto, tunza nakala. Halafu usilale humo ukisubiri fundi. Nenda kwa ndugu, kwa jirani, kwa mtu wa kanisani au msikitini. Nani kati yetu angemfungia mlango mtu anayekimbia joto?

Na ukishindwa kulipa bili? Mwaka 2018 mwanamke mmoja mzee wa Sun City West, karibu na Phoenix, alikufa baada ya kukatiwa umeme kwa deni lililobaki la dola 51. Baada ya kifo hicho, tume ya jimbo inayosimamia kampuni za umeme iliweka kanuni ya kuzuia kuwakatia umeme wateja wa nyumbani wakati wa joto: kampuni hufuata ama tarehe, 1 Juni hadi 15 Oktoba, ama kiwango cha joto, nyuzi 95. Kampuni zisizo chini ya tume hiyo zina taratibu zake, na wenye umeme wa kulipia kabla, mfano wa ule wa tokeni, waulize mapema hali yao. Kanuni hiyo haifuti deni, inaliahirisha tu. Lakini ina maana kwamba usizime kiyoyozi Julai kwa kuogopa bili ya Agosti. Piga 211, namba ya huduma za jamii, uulize msaada wa bili za umeme na vituo vya kupumzikia vyenye ubaridi. Maktaba za umma nazo ziko wazi kwa kila mtu, na hakuna atakayekuuliza kwa nini umekaa humo saa nne bila kufungua kitabu.

Nje ya nyumba, mambo machache yana uzito kuliko mengine. La kwanza ni ardhi yenyewe. Lami ya Phoenix katika jua la kiangazi hupita nyuzi 70 za Selsiasi, na kila mwaka kitengo cha majeraha ya moto cha hospitali ya Valleywise hupokea watu walioungua kwa kuanguka tu barabarani. Mzee akianguka, mnyanyue kwanza, maswali baadaye. Kama huwezi kumnyanyua peke yako, ingiza kitenge, koti au hata mkeka wa gari chini yake huku ukipiga 911. Watoto wasitoke pekupeku hata kufuata mpira mlangoni. Na mtoto asiachwe ndani ya gari hata dakika moja, hata dirisha likiwa wazi, hata ukiwa unaingia kuchukua maziwa tu, kwa sababu gari lililofungwa hupanda kwa nyuzi zipatazo 11 za Selsiasi ndani ya dakika kumi.

Watoto pia watavutwa na maji. Mifereji mirefu inayopita katikati ya Phoenix inaonekana mitulivu kama mto wa kijijini, lakini kingo zake ni za zege lenye mteremko, na aliyeingia hapati pa kushika. Wasioge humo. Kwenye bwawa la apatimenti mtu mzima akae akitazama maji, simu ikiwa mfukoni.

Kwa wanaofanya kazi nje, kwenye ujenzi, mashamba ya mboga, maegesho ya uwanja wa ndege au maghala yasiyo na ubaridi: wengi wa wanaokufa kwa joto kazini hufa katika siku zao za kwanza, kabla mwili haujazoea. Ushauri unaotolewa na wakaguzi wa usalama kazini Marekani ni kwamba mfanyakazi mpya aanze na sehemu ya tano tu ya muda wa kawaida katika joto siku ya kwanza, kisha aongeze sehemu ya tano nyingine kila siku. Kijana mwenye nguvu aliyetoka kambini anataka kumwonyesha msimamizi kwamba yeye si mvivu, basi anabeba mzigo wa siku nzima siku hiyohiyo ya kwanza. Mwanangu, usifanye hivyo. Kunywa maji kila robo saa hata bila kiu, kaa kivulini unapopewa mapumziko, na usiposikia hamu ya kula, kula kitu chenye chumvi. Wote tunaijua ile dawa ya kuhara tuliyofundishwa zahanati: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Inafaa vilevile kwa aliyetoka jasho sana. Mwenye presha au kisukari amuulize daktari kwanza, na aulize pia kuhusu dawa zake, maana baadhi ya dawa za presha na za akili hupunguza uwezo wa mwili kujipooza. Asiziache mwenyewe, aulize.

Dalili za kuzidiwa hazifanani kwa kila hatua. Jasho jingi, kichefuchefu, misuli kukaza, kichwa kuuma: hapo bado kuna nafasi ya kuingia ndani, kulegeza nguo, kunywa kidogokidogo, kujimwagia maji. Mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akayumba kama mlevi, akakasirika bila sababu au akazimia, hicho ni kiharusi cha joto na ubongo wake unaungua. Piga 911, taja neno Swahili ili waite mkalimani. Wakati mnasubiri, mwingizeni kwenye beseni la kuogea lenye maji baridi huku mkishika kichwa chake, au mlowesheni mwili mzima, wekeni barafu kwapani, shingoni na kwenye nyonga, mpepeeni. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu. Na maombi yafanyike mikono ikiwa kwenye barafu.

Hadi hapo nimezungumzia joto kavu la Juni. Karibu na mwanzo wa Julai, mambo hubadilika. Pepo za juu hugeuka, zikaanza kuleta unyevunyevu kutoka Ghuba ya California, Pasifiki na Ghuba ya Meksiko. Anayetoka pwani yetu ataelewa haraka akifikiria kaskazi na kusi zinavyopokezana. Msimu wa pepo hizi huhesabiwa rasmi kuanzia 15 Juni hadi 30 Septemba, ingawa mvua yenyewe aghalabu husubiri Julai. Tucson hupata karibu nusu ya mvua yake ya mwaka katika msimu huu. Watu wa Tohono O'odham, wenyeji wa jangwa hili tangu zamani za kale, huvuna matunda ya mti wa saguaro mwishoni mwa Juni na kuuhesabia mwaka wao mpya kwa mvua hizi. Mvua ikikaribia, vichaka vya jangwani vinavyoitwa creosote hutoa harufu inayojaza mji mzima, na hata mgeni ataipenda. Inastahili kufurahiwa.

Lakini mawingu ya kwanza si nafuu. Kwa siku nyingi huja bila kunyesha, na hewa nzito huzuia jasho kukauka, basi mtu aliye katika nyuzi 105 za Julai anaweza kuteseka kuliko alivyoteseka na 110 za Juni. Ile mashine ya pedi za maji iliyokuwa ikipooza nyumba vizuri hushindwa kabisa, kwa kuwa inategemea hewa kavu. Wenye mashine hiyo tu wapange mapema watakuwa wapi alasiri za Julai na Agosti. Feni nayo, joto la chumba likipita nyuzi 95 au hivi, hupuliza joto tu. Na mwaka mwingine mvua haiji: mwaka 2023 uwanja wa ndege wa Phoenix ulipata milimita nne tu kwa msimu mzima. Usipange maisha yako kwa kusubiri mawingu.

Kabla ya mvua huja vumbi. Ukuta wa vumbi uliofunika Phoenix tarehe 5 Julai 2011 ulikuwa na kimo cha zaidi ya kilomita moja, na katika barabara kuu ya I-10 kati ya Phoenix na Tucson, hasa maeneo ya mashamba karibu na Picacho, vumbi huweza kufunika gari kwa sekunde chache. Ukiliona mbele, toka barabarani kwenye njia ya kutokea iliyo karibu. Likikukuta, sogea mbali kabisa nje ya lami, simama, zima taa zote, vuta breki ya mkono, ondoa mguu kwenye breki, bakini mmefunga mikanda. Taa zizimwe kwa sababu dereva wa nyuma asiyeona kitu huzifuata taa zako akidhani bado uko barabarani, akakugonga.

Kisha maji. Waliokaa Kakuma wanaukumbuka Tarach, laga inayokaa kavu miezi mingi halafu ikashuka usiku na kubeba nyumba. Rillito na Santa Cruz za Tucson ni ndugu zake, pamoja na makorongo mengi madogo yanayokatiza barabara za kawaida za mji. Tofauti ni kwamba kule tulikuwa kwa miguu, tuliogopa. Huku tuko ndani ya gari na tunajiona salama. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 humwangusha mtu mzima, sentimita 30 husukuma gari dogo, 60 hubeba karibu gari lolote. Ukikuta maji yamevuka barabara, geuza, hata kama wa mbele yako amepita, hata kama utachelewa zamu na bosi atafoka. Arizona ina sheria ya tangu 1995 inayomtoza dereva aliyepita kizuizi cha mafuriko gharama za kuokolewa kwake, hadi dola 2,000.

Zaidi ya hayo, mvua haihitaji kunyesha ulipo. Tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walikufa katika bonde jembamba la Antelope kwa maji ya mvua iliyonyesha maili kadhaa mbali nao. Tarehe 15 Julai 2017, karibu na Payson, watu 10 wa familia moja waliokuwa wakiogelea mtoni waliuawa na maji yaliyoshuka kutoka milima iliyokuwa imeungua moto mwezi mmoja kabla. Familia zetu hupenda kwenda huko juu Jumamosi na nyama ya kuchoma na muziki. Nendeni, kwa kuwa kuna baridi na miti, lakini nendeni asubuhi, tazameni milimani na si juu ya vichwa vyenu tu, na mkisikia ngurumo au kuona maji yamebadilika rangi, acheni vyombo, chukueni watoto, pandeni juu.

Baada ya vumbi na mvua, kuna ugonjwa ambao watu wetu hawaujui, uitwao homa ya bonde, kwa Kiingereza Valley fever. Katika udongo wa hapa mna kuvu inayopeperuka na vumbi na kuingia mapafuni, na huleta homa, kikohozi kisichoisha, uchovu na jasho la usiku. Wengi wetu tukisikia hivyo tunafikiri kifua kikuu, na aibu ya kifua kikuu inatufanya tufiche. Watu weusi na wajawazito wana hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huu kusambaa mwilini. Kikohozi kikipita wiki mbili, mwambie daktari unaishi Arizona na umevuta vumbi, umwombe akupime homa ya bonde pamoja na hicho kifua kikuu. Maji yaliyotuama ndani ya matairi na ndoo yamwageni: malaria haipo, lakini mbu wa hapa hubeba virusi vya Nile ya Magharibi.

Jambo la mwisho linahitaji watu, si mtu mmoja. Simu za Marekani hulia kwa sauti ya king'ora serikali inapotoa onyo la mafuriko ya ghafla au vumbi, lakini ujumbe wenyewe huja kwa Kiingereza na Kihispania. Bibi aliyebaki na wajukuu husikia mlio, huogopa, hajui kama akimbie au ajifungie. Basi kila kundi letu la WhatsApp, la kanisa, la wamama, la watu wa Fizi au wa Makamba, lichague vijana wawili wanaosoma Kiingereza vizuri, wapokezane zamu. Mlio ukitoka, warekodi sauti, kwa sababu si wote wanaosoma: ni onyo la nini, ni sehemu gani ya mji, mpaka saa ngapi, na watu wafanye nini sasa hivi. Wasiseme wasichokisoma. Waseme kwa Kiswahili, kisha kwa Kirundi, Kinyarwanda, Kibembe au Kimaimai kama kuna wahitaji. Na siku za joto kali, hao hao au wengine wawapigie wazee wanaoishi peke yao mara mbili, asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Wasiulize kama wako salama, maana mzee wetu atajibu yuko salama hata akiwa anazimia. Waulize kidude cha ukutani kinaandika namba gani.